Usiiambie isahihishe

Mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma tulipewa insha ya Kiingereza kuhusu kazi inayowalisha watu wa kwetu. Kwetu ni Mpunguzi, nikachagua zabibu. Nikaandika aya mbili za kusuasua, nikaitupia ChatGPT: iboreshe. Ikanirudishia Kiingereza kilichonyooka mpaka nikaionea haya ile yangu. Nikakusanya bila hata kuisoma vizuri.

Mwalimu alipigia mstari sehemu moja tu, pale zabibu zetu zinapovunwa “in autumn”. “Autumn ya Mpunguzi inaanza lini, kijana?” Darasa zima likaangua kicheko. Autumn ni majira ya nchi za baridi; sisi tuna mvua na kiangazi, na zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Niliiachia akili mnemba isimulie shamba la baba yangu, ikasimulia la Ulaya.

Siku hizi naandika kwanza kwenye daftari, kwa kalamu, data nimezima. Nikimaliza ndipo nachapa kwenye simu na kuiambia: usisahihishe, nioneshe mstari wenye kosa na aina ya kosa, basi. Wakati mwingine inasahihisha hivyo hivyo, ina kiherehere, ikumbushe.

Kuhangaika na mstari mmoja mmoja kumenionesha makosa yangu mengi yanatoka wapi. Nilikuwa naandika “My mother she sells”, kwa sababu kwetu mama a-nauza, na ile “a” nikaibeba nikavuka nayo. “Yeye” nayo haijali mume wala mke, basi bibi yangu alianza aya akiwa “she”, mistari miwili mbele akawa “he”. “Discuss about” usiniulize, ni kujadili kuhusu, kumbe Kiingereza hakiitaki hiyo “about”. Yote nayaorodhesha nyuma ya daftari, na kabla ya kukusanya insha nayapitia.

Kilichonishinda ni “a” na “the”. Simu inanipa kanuni, naielewa, kesho nakosea tena. Nikamfuata mwalimu yule yule wa autumn. Akachora mizabibu mitatu nyuma ya karatasi ya mtihani wa zamani.

“Baba yako anapogoa mzabibu. Upi?”

“Wowote.”

Akaandika “a vine”. Kisha akazungushia duara ule wa katikati.

“Kesho akirudi kwenye huu huu?”

Nikachukua kalamu mkononi mwake.