Jibu: Cheongwon ilifutwa au bado ipo?

Mkuu, umeuliza kwa nini Cheongwon bado inaonekana kwenye ramani ya Korea Kusini ilhali uliambiwa ilifutwa. Yote mawili ni kweli. Mwaka 1946 mji wa Cheongju ulitengwa, na maeneo ya mashambani yaliyobaki kuuzunguka yakawa wilaya ya Cheongwon. Hebu fikiria, ofisi kuu ya wilaya ilikuwa katikati ya mji, nje ya mipaka yake yenyewe! Muungano wa wilaya hiyo na mji wa Cheongju ulijaribiwa 1994, 2005 na 2010, ukakwama upande wa Cheongwon. Nawaelewa kabisa, nani hupenda kumezwa? Juni 2012 wananchi wa wilaya walipiga kura wakakubali, na 1 Julai 2014 wilaya yao ikafutwa na kuunganishwa na jiji la Cheongju. Jina limebaki kwa moja ya sehemu nne za utawala za jiji, ile yenye mji mdogo wa Ochang.