Usiingie kwa huyo farasi na karoti mfukoni

Mkuu simama hapohapo. Umeandika una farasi jike mgeni, kesho asubuhi unaanza kumfundisha kwa klika, kile kidude cha kubonyeza kinacholia tik akifanya vizuri halafu anapewa chakula, utaingia bandani kabla hajala ili awe na hamu ya kazi, na karoti umeshazikata zipo kwenye mfuko wa jaketi. Halafu unauliza klika ipi nzuri, kwato atainua lini na kwenye trela atapanda vipi. Acha hayo yote kwanza. Huo mpango wako ndo ulionipeleka mimi kwa daktari wa mifupa, yaani mpango uleule, mpaka karoti.

Na sikuubuni mwenyewe, nililipia. Kuna jamaa ana sauti ya upole, video zake farasi wanamfuata bila kamba unabaki mdomo wazi, bado ana wanafunzi mpaka leo ndo maana naandika nimekasirika. Aliniambia farasi mwenye njaa anajifunza haraka, chakula kikae mwilini ili ukitoe upesi baada ya klika, na akianza kukupekua we mpuuze tu ataacha. MPUUZE. Mnyama wa kilo mia tano.

Mwanzoni raha tupu, aisee. Wangu ni dume, kahasiwa, mpole. Akiniona anakuja mbio nami nikaamini ananipenda, kumbe uhusiano wake ulikuwa na jaketi mi nilikuwa mbebaji tu. Akaanza kunisukuma na pua, ikaja kunusa mfuko, ikaja kuvuta kitambaa kwa meno. Napuuza kama nilivyoelekezwa. Lakini hakuna binadamu anayepuuza kila siku, siku umechoka unampa kipande ili akuondokee, siku nyingine umebonyeza vizuri ila mkono umechelewa kutoka na wakati unatoka pua ishafika mfukoni, kwa hiyo ulichokilipia ni pua mfukoni. Na tabia inayolipwa mara moja moja inang'ang'ania kuliko inayolipwa kila mara, hilo mwanasaikolojia Skinner alilionyesha kwa panya na njiwa zamani sana, sio siri ya mtu. Tena ukikata malipo ghafla mnyama haachi hapohapo, kwanza anaongeza nguvu. Panya akiongeza nguvu anabonyeza kitufe zaidi. Farasi akiongeza nguvu anatumia meno.

Kidole hakukilenga, nimtetee. Farasi haoni kilicho mbele kabisa ya midomo yake, pale anapapasa kwa ndevu na midomo, na mimi nilikuwa nachomoa karoti kwa ncha za vidole badala ya kuiweka kwenye kiganja kilichonyooka. Kidole kimepona, kimepinda kidogo, sasa kinafaa kuelekeza watu njia yenye kona.

Kilichoniumiza mfuko na roho ni nilichofanya baada ya hapo. Nilimpiga pua. Mara moja, kwa hasira na maumivu, na kila aliyekuwa karibu akasema umefanya vizuri atakuheshimu. Hakuheshimu kitu. Kuanzia siku hiyo mkono ukisogea hajui unaleta chakula au kofi, analaza masikio nyuma, anakwapua na kurudisha kichwa kwa kasi, na mwenye hofu na njaa kwa pamoja ndo anauma zaidi, sio pungufu. Nikatafuta mkufunzi mwingine, huyu mkali kwangu na mpole kwa farasi, tukarudi sifuri kabisa kwa muda mrefu, na pesa iliyotoka hapo nyumbani kwangu wanajua nusu yake. Naomba ibaki hivyo.

Alichofanya huyo wa pili ni kuniweka nje ya fensi. Basi. Farasi ndani, mimi nje, ndoo yangu chini upande wangu. Unasubiri mpaka kichwa chake kitoke kwako, hata kwa bahati mbaya, hata kaangalia inzi: klika. Halafu unanyoosha mkono wote unampelekea chakula hukohuko kichwa kilipo, mbali na mwili wako, ikiwezekana arudi nyuma kidogo ndo akipate. Pale unapotolea chakula ndipo kichwa chake kitajifunza kukaa, ukitolea kiunoni kwako kitahamia kiunoni kwako. Usifundishe kitu kingine CHOCHOTE mpaka asimame mwenyewe kaangalia mbele huku we umeshika chakula. Sisemi vizuri vya kutosha labda: kitu kingine chochote.

Na ale kwanza. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na linatoa asidi muda wote, awe anakula au hali, ukimshindisha njaa unamtafutia vidonda na unapata mwanafunzi aliyepagawa. Nyasi kavu ziwepo hata wakati wa somo, akikuacha akaenda kula ujue somo lako limechosha. Zawadi iwe kitu cha kawaida, vidonge vya nyasi hivi, karoti na sukari zinawatia wazimu.

Kuna watakaokuja kukwambia ndo maana farasi halishwi kwa mkono. Wapuuze hao, hapo neno lina kazi. Njia yenyewe haina kosa. Karen Pryor, mmoja wa walioieneza njia hii, alikuwa anafunza pomboo Hawaii miaka ya 1960, filimbi, samaki, ukingo wa bwawa. Pomboo majini, mtu juu. Kizuizi kilikuwepo toka mwanzo, jamaa wa video ndo kakitoa ili picha ipendeze.

Klika nunua yoyote, hata ulimi unatosha, ila kama aliyekuwa naye alizoea kumwambia atembee kwa kugonga ulimi tafuta sauti nyingine. Kama huna fensi funga mlango wa chini wa banda usimame nje yake, hata kamba nene ya kukatiza mlango afadhali kuliko hewa. Na huyo mdogo wako uliyesema atakusaidia kushika asipewe chakula kabisa, wala kipande, maana mmoja tu akilipa pua kazi yako ya wiki nzima imeenda.