Talaka, matunzo na malezi ya watoto: majibu ya maswali yenu

Maswali ni mengi na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua machache yanayobeba mengine. Ninachojibu ni sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wasomaji wa Zanzibar, jibu lenu lipo huko chini, msinikasirikie mapema.

Mume wangu amenitumia talaka tatu kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, akaondoka na funguo za duka. Nimeshaachika? Mali nidai wapi?

Dada yangu, upande wa dini mwulize sheikh. Upande wa sheria, ndoa yenu bado ipo. Kwa ndoa ya Kiislamu, sheria inataka kwanza baraza la usuluhishi la ndoa lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, halafu talaka itolewe baada ya hapo, ndipo mahakama itamke kuwa ndoa imevunjika. Mumeo ameanzia mwisho.

Kwa hiyo usikimbilie mahakamani na simu yako mkononi. Nenda kwenye baraza, liwe la kata au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), ueleze shauri lako, naye aitwe. Wakishindwa kuwapatanisha, wakupe hati, ile inayojulikana kama Fomu Namba 3. Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Watu hupewa kibarua cha mistari miwili kinachosema "wanandoa hawa wameshindwana, tunawaleta kwenu", kina muhuri, lakini hakisemi kwamba baraza lilikaa, likawasikiliza wote wawili na likashindwa. Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyokwisha kusikilizwa ngazi za chini, kwa sababu tu hati ya baraza haikuwapo au haikuwa halali. Unarudi mwanzo, na nauli zako zimeshaliwa. Isome hati kabla hujatoka ofisini kwao. Pia isikae kabatini: ukifungua shauri la talaka, iwe haijapita miezi sita tangu itolewe.

Mali utaidai katika shauri hilohilo la talaka. Ujumbe wa sauti usiufute, utakufaa kama ushahidi wa jinsi ndoa ilivyofika hapo.

Mzazi mwenzangu ananizuia kumwona mwanangu. Nikaacha kutuma hela ya matumizi hadi aniruhusu. Nina makosa?

Unayo, kaka, na nitakuambia bila kuzunguka. Hela ya matunzo si kiingilio cha kumwona mtoto. Ni haki ya mtoto, na kumwona baba yake nayo ni haki yake. Wewe umeona haki moja imevunjwa, ukaivunja ya pili. Siku mkisimama mbele ya hakimu, mwenzako atafungua daftari na kusema: "Tangu mwezi wa tatu hajatuma hata senti." Malalamiko yako ya kweli kabisa yatafunikwa na hilo.

Endelea kutuma, na utume kwa njia inayoacha alama. Kwa simu au benki, siyo kumpa shangazi taslimu ampelekee. Kisha nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya yako, umwombe amwite mwenzako mpange siku za kumwona mtoto. Asipoitikia, fungua maombi Mahakama ya Watoto. Sheria ya Mtoto inasema wazi kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye na kukaa naye, ili mradi masomo yake yasivurugike. Ukija na maombi mahususi (Jumamosi za wiki mbili, nusu ya likizo, simu jioni fulani) utasikilizwa vizuri kuliko ukija na hasira.

Na akina mama mnaosoma hili mkitabasamu, msitabasamu sana. Barua za upande wa pili ninazo nyingi vilevile: "Hatoi hela, kwa hiyo mtoto hamwoni." Jibu ni hilohilo limegeuzwa.

Mahakama hupanga shilingi ngapi kwa mtoto mmoja? Baba yake anasema sheria ni shilingi 100 kwa mwezi.

Huyo baba anaishi na sheria iliyokufa. Kikomo cha shilingi 100 kilikuwepo kweli katika sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, nayo ikafutwa na Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Nashangaa jinsi takwimu hiyo inavyokataa kuzikwa.

Leo hakuna kiwango kilichoandikwa. Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine aliyonayo anayedaiwa, wakiwemo watoto wengine, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Inaweza pia kumtaka ofisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi na kuandika ripoti. Kwa hiyo kazi kubwa ni yako wewe unayeomba. Mwanamke akisema "naomba laki tatu" bila maelezo, hakimu hana pa kushika. Lakini akileta daftari lenye mahitaji ya mwezi mmoja: ada na michango ya shule, nauli ya daladala kwenda na kurudi, unga, mchele, maziwa, kodi ya chumba, dawa, na chini yake stakabadhi zimebanwa pini, hapo mabishano yanahama. Hayawi tena kwamba anastahili au hastahili. Yanakuwa kwamba maziwa ni lita ngapi. Usiongeze chumvi. Ukiandika nguo za sikukuu kila mwezi, hata mstari wa ada utatiliwa shaka.

Na kama baba hana ajira ya mshahara, hilo halimwondolei jukumu. Bodaboda, genge, shamba, vyote ni kipato. Akiwa na mwajiri, mahakama inaweza kuamuru akatwe huko huko. Jukumu hilo kwa kawaida huenda hadi mtoto atimize miaka 18, na amri inaweza kuendelezwa akiwa bado masomoni.

Tumeishi pamoja miaka sita bila ndoa, tuna watoto wawili. Ananifukuza na kusema mimi ni "mpangaji tu".

Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii inayowazunguka ikawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kumbuka vyote viwili: muda na kutambuliwa. Mashahidi wako ni majirani, balozi wa nyumba kumi, ndugu zake waliokuita shemeji kwenye misiba. Naye anaweza kupinga, kwa mfano akionyesha alikuwa na ndoa nyingine ya Kikristo wakati huo wote, na hapo dhana hiyo kwamba mmeoana huvunjika.

Hata ikivunjika hutoki mikono mitupu. Kifungu hichohicho kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo kwako na kwa watoto, na nafuu nyingine.

Naishi Unguja. Haya yote yananihusu?

Hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar. Kwa Waislamu, mambo haya huamuliwa na Mahakama ya Kadhi, na Zanzibar ina sheria yake ya watoto ya mwaka 2011. Anzia huko.

Kiwanja na nyumba vina jina la mume wangu. Mimi ni mama wa nyumbani, sijawahi kuajiriwa. Ana haki ya kuniambia sina changu?

Swali hili lilijibiwa mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza boma, ni mchango katika kuchuma mali. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika. Wengine walimwona mama wa nyumbani kama mtu aliyekuwa akitimiza wajibu wake tu. Jambo ambalo watu husahau kulisimulia ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi alizitapanya. Kanuni alituachia sisi.

Kwa hiyo jina kwenye hati si mwisho wa maneno. Mahakama huangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii, kisha huelekea kwenye usawa. Kuelekea kwenye usawa si ahadi ya nusu kwa nusu. Asilimia hutegemea ushahidi. Je, nani alisimamia mafundi? Nani aliuza mboga ili saruji inunuliwe? Hata kiwanja alichokuwa nacho kabla ya ndoa kinaweza kuingizwa, kama kiliendelezwa kwa nguvu zenu wote mkiwa mmeoana.

Kuna tahadhari ya haraka. Nyumba mnayoishi kama familia hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Ukisikia dalali anazungukazunguka, weka zuio kwa msajili wa hati na umjulishe mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi. Ukingoja mnunuzi aingie, utakuwa na kesi mbili badala ya moja.

Mtoto katimiza miaka saba. Baba yake anasema sasa ni zamu yake.

Hakuna zamu. Sheria inadhani mtoto wa chini ya miaka saba yuko vizuri zaidi kwa mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa hata kabla. Baada ya saba dhana inaondoka, lakini mtoto hahami kwa sababu ya keki ya siku ya kuzaliwa. Kinachotazamwa ni ustawi wake, maoni yake kama ana umri wa kujieleza, na madhara ya kumhamisha alipozoea. Akimchukua kwa nguvu shuleni wakati malezi uko nayo kwa amri ya mahakama, amevunja sheria.

Mwanamume anakana mtoto. Naweza kwenda mwenyewe kupima vinasaba?

Njia ya kawaida ni kupitia mahakama au ustawi wa jamii, na kipimo hufanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila si ushahidi pekee. Jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa, au kumtambua mtoto hadharani, navyo vinahesabika.

Ndoa ina miezi minane na napigwa. Nimeambiwa siwezi kudai talaka hadi miaka miwili.

Ni kweli kwamba ndani ya miaka miwili ya kwanza huwezi kuomba talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hutolewa ukionyesha unapata mateso yasiyo ya kawaida. Lakini sheria hiyo haikulazimishi kukaa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Ondoka leo, nenda dawati la jinsia polisi, uchukue PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), utibiwe. Karatasi hiyo ya hospitali ndiyo itakayokuombea kibali. Asipokuja barazani ukimwita, mkaidi hazuii shauri: sheria inaruhusu kwenda mahakamani pale mwenzi anapokataa makusudi kuitikia wito wa baraza. Kama huna fedha ya wakili, uliza wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako. Wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na huduma yao hailipiwi.