Nimwambie nini mama, naye yuko vitani?

*Shangazi mpendwa, pokea salamu zangu. Mimi ni binti wa Kadutu, mtaa wa Bukavu huko Kongo, nina miaka ishirini na minane. Nilimfuata mume wangu Uswisi, katika mji wa milimani uitwao La Chaux-de-Fonds, ambako tunaishi na binti yetu wa miaka mitano na mtoto wa kiume wa miezi saba aliyezaliwa huku. Mume wangu anasomea maji ya chini ya ardhi kule Neuchâtel, huondoka na treni ya alfajiri na kurudi giza limekwisha ingia, na nikilalamika ananiambia, "Utazoea." Binti yangu sasa ananijibu kwa Kifaransa. Theluji haiishi. Kuna asubuhi ninamtazama mtoto akilia na sihisi kitu, kana kwamba ni mtoto wa jirani. Mama yangu namwambia tuko salama na kumtumia picha za theluji, kwa maana nitalalamikaje mbele ya mtu aliyelala sakafuni akisikia risasi? Tena kila simu huishia kwenye ombi la pesa ambazo hatuna, kwa hiyo nimeanza kutopokea. Juzi dada yangu aliniandikia kwamba mama analia, anasema Ulaya imenigeuza, nimeota mapembe. Nimwambie nini?*

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili jioni ileile ilipofika, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi moja ambayo wewe uliipitia haraka, ukaifukia kati ya theluji na Kifaransa cha binti yako: kwamba kuna asubuhi unamtazama mtoto akilia na huhisi kitu. Umeniuliza umwambie nini mama yako, nami nitakujibu, lakini nitaanza na hilo, kwa sababu haliwezi kungoja.

Hapa Bukavu mama mzazi akikaa hivyo watu husema amerogwa, au ana kiburi, au hampendi mtoto. Si kweli hata kimoja. Ni ugonjwa unaojulikana, sonona ya baada ya kujifungua, huwapata wanawake wengi ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, huwapata zaidi walio peke yao na wasiolala, na hutibika. Huzuni ya siku chache baada ya uzazi hupita yenyewe. Ile inayozidi majuma mawili, inayokunyima usingizi hata mtoto anapolala, inayokuondolea hamu ya chakula na kukufanya ujione mama mbaya, hiyo hupelekwa kwa daktari kama malaria inavyopelekwa. Juma hili, usingoje lijalo, omba nafasi kwa daktari wako, na ukifika usianze kuzunguka kwa habari ya uchovu na baridi. Mwambie sentensi ileile uliyoniandikia, ukishindwa kuitamka mpe karatasi aisome. Na ikitokea usiku ukafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae na wazo hilo gizani hadi kuche: mwamshe mumeo, piga 144, ambayo ni namba ya gari la wagonjwa. Iko pia 143, ambayo Uswisi nzima huipiga saa yoyote, na anayepokea kazi yake ni kusikiliza. Namba hizo ziandike ukutani karibu na simu.

Sasa nikwambie jambo juu ya mji wako, maana nadhani unajilaumu kwa kosa ambalo si lako. Wewe na mimi tumezaliwa mlimani. Bukavu imekaa kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na mji wako uko karibu na mita 1,000. Kwa hiyo si kimo wala mteremko vinavyokushinda, wewe uliyepanda vilima vya Kadutu na bidoni ya maji kichwani tangu utotoni. Kilicho kigeni kwako ni mwanga. Kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima, nasi hatujawahi kulishukuru kwa hilo. Huko kwenu mwezi wa Desemba linachomoza saa mbili ya asubuhi imekwisha pita, na kabla ya saa kumi na moja jioni limekwenda zake.

Wenyeji wenyewe wanaujua uzito huo, na wameuandika kwenye mitaa yao. Mji ule uliungua mwaka 1794, na walipoujenga upya waliuchora kwa barabara ndefu zilizonyooka, zikiwa zimepangwa sambamba kando ya mlima ili kila nyumba ipate jua lake na theluji ipate pa kurundikwa. Mafundi wa saa, ambao wengi wao walifanya kazi nyumbani, waliweka meza zao dirishani ili wasipoteze hata dakika moja ya mchana. Mpango huo ndio uliofanya mji huo na jirani yake Le Locle waingizwe kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2009. Fikiria basi: watu waliozaliwa palepale, na mababu zao, walipanga mji mzima ili kulifuata jua, na wewe uliyefika juzi kutoka karibu na ikweta unajiona mdhaifu kwa sababu giza linakuelemea.

Kwa hiyo fanya kama wale mafundi. Kiti unachomnyonyeshea mtoto kihamishie kwenye dirisha la kusini. Saa sita mchana toka nje, hata kama ni kwa nusu saa, na kukiwa na mawingu toka pia. Iko zawadi moja ya kuishi juu: zipo siku ambapo ukungu hulifunika ziwa la Neuchâtel na nchi yote ya chini, huku ninyi mkiwa juu yake kwenye jua na anga la buluu. Siku hizo usizikose. Uliniandikia, kwenye ukurasa wa pili, kwamba kigari cha mtoto hunasa thelujini na kwamba uliacha kumbeba mgongoni kwa kikwembe kwa sababu watu walikutazama. Mwanangu, waache watazame. Mfunge mtoto mgongoni kama ulivyofungwa wewe, kisha vaa koti kubwa la mumeo juu yenu wote wawili, kichwa chake kikiwa nje chini ya kofia ya sufu, na utembee. Mtoto atapata joto lako na wewe utapata lake, na nakuambia kama mwanamke aliyebeba sita, uzito ule mgongoni humrudisha mtoto moyoni polepole hata pale ambapo macho yameshindwa. Muulize pia daktari habari ya matone ya vitamini D, ambayo huko watoto wachanga hupewa. Ngozi yetu huhitaji jua zaidi ili kuitengeneza, na jua la Januari halitoshi.

Nije kwa mama yako.

Umefanya mizani, ukaweka risasi za Bukavu upande mmoja na upweke wako upande wa pili, ukaona wako hauna uzito, ukaufunika. Nimeishi hapa siku zile za Februari 2025 vita vilipoingia mjini. Nilikuwa sakafuni kama mama yako, na nakupa ushuhuda wangu: usiku ule sikutaka kusikia kwamba binti zangu walioko mbali hawana shida. Nilitaka kusikia sauti zao. Mtu aliye katika hofu hapunguziwi kitu kwa kufichwa mambo. Anaongezewa hofu nyingine, ya kwamba ameachwa. Huzuni haina fungu moja ambalo sisi tukichukua sana ninyi mnabaki bila haki ya kuchukua.

Nami pia nilidanganya kama wewe. Nilipoolewa nilipelekwa Lubumbashi, mbali na kila mtu niliyemjua, na ijapokuwa ni nchi moja, niliona nimevuka bahari. Walicheka Kiswahili changu sokoni. Nikisema bugali wanasema bukari, na baridi ya usiku wa Juni na vumbi jekundu vilinitoa machozi. Baada ya mtoto wa kwanza niliugua vilevile unavyougua, bila jina la ugonjwa. Siku moja nikaazima gauni la jirani, nikaenda kwa mpiga picha, nikatabasamu, nikampa abiria wa ndege picha hiyo amletee mama. Mama akaizungusha mtaa mzima. Miaka miwili baadaye akasikia ukweli kutoka kwa mtu mwingine, na niliporudi likizo hakunikemea. Aliitoa ile picha kwenye bahasha, akaiweka mezani mbele yangu, akaniuliza, "Miaka ile yote nilikuwa mama wa nani?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwambie mama yako kweli, ila mwambie kwa mpangilio, kwa sababu ukweli wote ukimwagwa kwa pumzi moja humtia mzazi kiwewe. Anza na afya yako: "Mama, tangu nijifungue sijawa mzima, ninakwenda kwa daktari siku fulani." Kisha mwombe kitu. Hilo usilisahau. Miezi hii yote umekuwa mtu wa kuombwa, naye amekuwa mtu wa kuomba, na mahusiano ya namna hiyo huchosha pande zote mbili. Mwombe akueleze alivyokuwa akikukanda baada ya uzazi wako wa kwanza, au amwimbie mtoto kwenye simu wimbo aliokuimbia wewe. Mama akiombwa anachoweza kutoa, hata vita havimnyang'anyi umama wake.

Kuhusu pesa, nadhani familia yako haijui kamwe maisha ya huko yanavyokwenda, na hawawezi kujua kama hamwaambii. Waeleze kwamba Uswisi kila mtu, hata mtoto wa siku moja, sheria inamlazimu kuwa na bima ya afya inayolipwa kila mwezi, kila kichwa na bima yake. Kwamba iko kodi ya nyumba, na treni ya kila siku. Na kwamba mumeo ni mwanafunzi. Wasomee hesabu yenyewe kwa frangi. Kisha wewe na mumeo mpange kiasi mnachokiweza bila kukopa, hata kikiwa kidogo, kitumwe tarehe ileile ya kila mwezi kwa mtu mmoja tu, mama yako. Benki zilipofungwa hapa tulijifunza kuishi kwa pesa za simu, na wakala hukata chake kila mara, hivyo kutuma mara moja ni bora kuliko vipande vitano. Kiasi kikijulikana na siku ikijulikana, simu zitarudi kuwa simu. Na mkaulize manispaa msaada wa kulipia bima, maana kila kantoni, yaani mkoa wa huko, huzipunguzia mzigo huo familia zenye kipato kidogo, na familia nyingi za wageni huukosa kwa kutouliza tu.

Neno kwa mumeo, umsomee. Baba, "utazoea" si jibu, ni mlango unaofungwa. Wewe unasomea maji, kwa hiyo unajua kwamba mji unaoishi hauna mto, na kwamba tangu mwaka 1887 maji yake hupandishwa kwa mitambo kutoka bonde la Areuse, karibu mita 500 chini. Watu wale hawakuambiana kwamba watazoea kiu. Nenda na mkeo kwa daktari, ingia naye ndani, na siku za Jumamosi mchukue mtoto tangu asubuhi hadi saa nane ili mama yake alale au atoke peke yake. Utafiti wako utavumilia.

Habari ya binti yako sitaikawiza. Kifaransa cha shule hakikwepeki na kitamfaa. Kiswahili kitabaki akiwa na mtu anayekihitaji kwa ajili yake. Bibi yake hapa hatamjibu kwa Kifaransa. Basi awe yeye anayemsimulia bibi theluji ilivyo, na asipopata neno wewe umpe.

Mpigie mama yako Jumapili hii. Saa zenu msimu huu ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo ukipiga saa sita ya mchana huko, kwake ni saa saba, ametoka kanisani na bado hajaweka sombe mezani. Keti pale dirishani, mtoto akiwa mgongoni. Usitume picha safari hii. Mwache kwanza asikie unavyopumua.

Shangazi yako, Bukavu