Jibu: Matufaha ya kupika na watoto

Dada, umeuliza kwa nini matufaha yako huwa meusi watoto wakikata, kisha yakifika motoni yanageuka uji. Nunua yale ya kijani, Granny Smith. Ni magumu na ukali wake haupotei. Ya Kabale, kule kusini-magharibi mwa Uganda, kama aina iitwayo Anna, nayapenda sana, ila punguza sukari.

Weusi unaletwa na hewa. Mdogo kabisa akamue ndimu kwenye bakuli la maji, wakubwa watumbukize vipande humo wakikata. Motoni tia maji vijiko viwili tu, mdalasini, sigiri iwe na makaa machache. Usifunike! Mvuke ndio unaoyaponda. Kingo zikianza kung'aa, epua. Mvua hizi za Oktoba, myale na chapati za moto.