Mayai Madogo Msimu wa Joto: Hesabu Asidi Amino, Usihesabu Protini Peke Yake

Upepo wa kaskazi ukishalegea na maleleji yakaingia, kile kipindi cha katikati kabla ya upepo wa kusi, joto la Malindi hukaa juu ya mabati ya banda mchana kutwa. Ndipo wafugaji wengi tunaona jambo lile lile. Kuku hawaumwi, chakula ni kile kile, lakini mayai yanapungua uzito, na baada ya muda idadi nayo inaanza kushuka. Ushauri wa haraka unaotolewa ni "ongeza protini". Mimi nafuga kuku wa mayai upande wa Ganda, hapa Malindi, na kwa niliyoyaona katika banda langu na ya majirani, ushauri huo mara nyingi humwongezea mfugaji gharama na kumwongezea kuku joto mwilini, na mayai yakabaki vile vile. Anachohitaji kuku ni asidi amino zake za siku, kila moja kwa kipimo chake.

Protini hujengwa kwa asidi amino za aina kama 20. Baadhi yake kuku huzitengeneza mwenyewe mwilini. Nyingine hawezi, lazima azipate kwenye chakula. Kwa kuku wa kutaga anayelishwa mahindi na soya, inayokosekana kwanza ni methionini, kisha lisini, na nyuma yake zinafuata threonini, triptofani, valini na isolusini. Yai la gramu 60 lina protini ya gramu 6 hadi 7, na mwili wa kuku hauwezi kuijenga protini hiyo kwa kuruka asidi moja na kuweka nyingine mahali pake. Ikikosekana methionini, hizo nyingine zilizojaa hazina kazi, kama mbao tele za fundi wa jahazi aliyeishiwa misumari.

Na hazikai akiba kungoja kesho. Kuku huzivunja, naitrojeni yake ikatoka kama asidi ya uriki, ule weupe tunaouona kwenye kinyesi. Kazi hiyo ya kuvunja na kutoa huzalisha joto ndani ya mwili. Kuku hunywa maji zaidi, maranda yanalowa, banda linatoa harufu kali ya amonia. Mwezi wa Julai huenda usione tofauti kubwa. Mwezi wa Machi, kuku anayetweta tangu saa nne asubuhi unamtwisha mzigo mwingine.

Tatizo linaanzia kwenye gunia. Dukani niliwahi kuuliza chakula kimoja kina nini, na kijana muuzaji akanijibu kwa heshima, "Mama, hiki kina protini asilimia 17, ni kizuri sana." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, na methionini je?" Akaligeuza gunia pande zote, haikuandikwa. Sikumlaumu yeye. Lakini mfugaji ajue kwamba ile asilimia ya protini kwa kawaida hupatikana kwa kupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakitofautishi protini ya dagaa na ya pumba, wala hakisemi ni asidi gani zimo. Magunia mawili yanaweza kuandikwa asilimia 17 yote mawili, moja likakupa yai la gramu 60 na jingine likakupa la gramu 52. Nunua kwa mwenye kuandika methionini na lisini, au anayeweza kukujibu ukimpigia simu.

Sasa tuje kwenye kiasi. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1994, liliweka makadirio kwa kuku anayetaga mayai ya kahawia na kula gramu 110 kwa siku: methionini miligramu 330, methionini pamoja na sisteini (asidi amino nyingine) miligramu 645, lisini miligramu 760, threonini miligramu 520, triptofani miligramu 175. Kuku wa siku hizi hutaga zaidi kuliko wa wakati ule, na kampuni zinazouza vifaranga huweka methionini juu zaidi, hata kupita miligramu 400. Kwa hiyo zichukue namba za 1994 kuwa sakafu, usishuke chini yake.

Angalia kwamba vipimo hivyo ni vya siku. Hapa ndipo Malindi inapoachana na nyanda za juu. Joto likipita nyuzi 30, kuku hupunguza kula ili asizalishe joto zaidi. Kuku 100 waliokuwa wakimaliza kilo 11 wanamaliza kilo 9. Kama chakula kina methionini asilimia 0.30, kwa gramu 110 kila kuku alipata miligramu 330. Kwa gramu 90 anapata 270. Chakula hakikubadilika hata chembe, lakini kuku amepungukiwa miligramu 60 kila siku, na yai ndilo linalolipa. Lisini nayo vivyo hivyo: chakula chenye asilimia 0.69 kilimpa 760, sasa kinampa kama 620.

Ndiyo maana nasema jambo la kwanza ni mizani. Pima chakula unachoweka asubuhi, pima kilichobaki jioni, toa, gawanya kwa idadi ya kuku. Mfugaji asiyejua kuku wake wanakula gramu ngapi hawezi kusaidiwa na mtaalamu yeyote, kwa sababu kila ushauri wa lishe unaanzia hapo. Pima na mayai pia. Trei ya mayai 30 ya gramu 60 ina kilo 1.8 bila uzito wa trei yenyewe. Ikishuka ikafika kilo 1.6, kila yai limerudi gramu 53, na mnunuzi wa hotelini Watamu ataliona hilo kabla yako.

Ukishajua pengo, kuliziba ni hesabu. Kwa mfano wetu, ili kuku apate miligramu 330 ndani ya gramu 90, chakula kinatakiwa kuwa na methionini kama asilimia 0.37. Kwenye gunia la kilo 50 hiyo ni nyongeza ya gramu 33 hivi za unga wa methionini, ule unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Lisini inahitaji zaidi: gunia hilo hilo linataka kama gramu 100 za unga wa lisini, maana unga huo una lisini yenyewe kama asilimia 78 tu. Hivi ni vipimo vya mfano niliotoa. Chakula chako kikiwa tayari kimetiwa methionini ya kutosha kwa gramu 90, usiongeze chochote. Methionini ikizidi sana humdhuru kuku, hupoteza hamu ya kula, kwa hiyo kukadiria kwa kiganja hapana, hata kidogo. Tumia mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Changanya unga na kilo moja ya chakula kwanza, hiyo kilo uichanganye na kilo tano, kisha ndipo umwage kwenye gunia zima na kugeuza kwa koleo. Ukiumwaga moja kwa moja, kuku mmoja atapata wa watano, na wengine patupu.

Wengi huku twachanganya chakula wenyewe, na Pwani ina vitu vizuri tukivijua tabia zake. Mahindi yana protini kama asilimia 8 hadi 9, na lisini yake ni haba. Mashudu ya nazi, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yana protini kama asilimia 20, lakini lisini ni kidogo pia. Ukiyategemea kwa sababu minazi ni mingi, utapata kuku mnene asiyetaga vizuri. Machicha, nazi iliyokunwa ikakamuliwa tui, ni nyuzi na mafuta zaidi, na kwa joto letu huchacha upesi. Wape kuku wa kienyeji wanaozurura, si hawa wa kutaga.

Simsim ndiyo ninayoipenda. Mashudu yake yana methionini nyingi kuliko ya soya, lakini lisini yake ni ndogo. Kunde na mbaazi ziko kinyume: lisini ipo, methionini haba. Ukiviweka pamoja kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake, na vyote vinalimwa katika kaunti hii yetu ya Kilifi. Kunde, mbaazi na soya zisiliwe mbichi, zina vizuizi vinavyozuia protini isisagike tumboni. Kaanga mpaka harufu ya ubichi iishe, lakini zisiungue, kwani moto ukizidi lisini inaharibika na umepoteza ulichokuwa unakitafuta.

Dagaa safi waliokaushwa vizuri ni hazina. Protini yao hupita asilimia 50, na lisini na methionini zote mbili zimo kwa wingi. Mimi hutia kilo 5 hadi 8 katika kila kilo 100 za chakula. Nikizidisha, nahofia mayai kunuka samaki. Shida ni mchanga. Kabla ya kununua gunia, tia konzi moja ndani ya glasi ya maji na ukoroge: mchanga utatua chini, na unalipia kila chembe yake kwa bei ya samaki. Mabaki ya papa na ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), hata ukipewa bure, yaache, chumvi yake ni nyingi mno kwa kuku. Vichwa vya samaki wabichi vyafaa vikichemshwa, vikaanikwa na kusagwa, ila vina mifupa mingi na nyama kidogo, visihesabiwe sawa na dagaa.

Kuna dalili zinazochanganya watu. Yai dogo lenye ganda zuri, na kuku wanaonyonyoana manyoya, hunielekeza kwenye asidi amino, hasa methionini na sisteini, kwa kuwa manyoya nayo yanajengwa kwa hizo. Msongamano bandani pia huleta kunyonyoana, kwa hiyo angalia nafasi kabla ya kulaumu chakula. Ganda jembamba ni habari nyingine: kuku anapotweta kwa joto, kemia ya damu yake hubadilika na ganda hudhoofika, na hapo fikiria maji baridi, kivuli na chokaa ya mifugo ya kutosha au makombe ya baharini yaliyosagwa. Methionini haitalinenepesha ganda.

Saa za kulisha nazo zina nguvu kuliko tunavyodhani. Weka chakula kingi alfajiri na kingine baada ya Alasiri, jua likishapoa, kuku huongeza kula bila kulazimishwa. Paa la makuti juu ya mabati, au makuti peke yake, husaidia kila gramu hiyo iingie tumboni.

Kusi ikianza kuvuma, Mei hivi, pima tena. Kuku watarudi kwenye gramu 110 au zaidi, na ile nyongeza ya methionini na lisini kwa gunia haina tena kazi ya kufanya. Iondoe wiki hiyo hiyo unayoona mizani imepanda, funga unga uliobaki usipate unyevu, na uandike kwenye daftari kuku walikuwa wakila gramu ngapi kila wiki ya joto. Mwakani Januari, anza kuongeza kwa kufuata daftari hilo, kabla trei haijapungua.