Faida ya mafunzo ya akili mnemba ipimwe kazini

Dada, umeuliza utamwonyeshaje bosi wa kiwanda chenu cha minofu hapa Mwanza kwamba mafunzo ya akili mnemba yamelipa. Idadi ya vyeti haitamshawishi. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa kupima mafunzo, aliugawa upimaji huo katika ngazi nne mwaka 1959: mapokeo, ujuzi, mwenendo kazini, matokeo. Bosi anataka hayo matokeo. Kabla ya mafunzo, rekodi kuandaa nyaraka za mzigo mmoja wa sangara wa kwenda nje huchukua saa ngapi, na nyaraka hizo hurudishwa mara ngapi kwa makosa. Pima tena baadaye, ulinganishe na zamu ambayo haijafundishwa, maana samaki wakipungua ziwani kazi nayo hubadilika. Na tafadhali, jumlisha muda wa kukagua majibu ya mashine. Wengi huuacha, faida ikaonekana kubwa kuliko ilivyo.